Kuhamia viwango salama vya barua pepe bila kupoteza barua: mwongozo kamili

Barua pepe ilianza kazi bila kufuli. SMTP, itifaki ambayo hadi leo hubeba barua kutoka seva moja hadi nyingine, iliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, na ndani yake hamkuwa na usimbaji fiche wala namna ya kuthibitisha mtumaji. STARTTLS, SPF, DKIM, DMARC, MTA-STS, DANE, S/MIME na OpenPGP (kila kimoja kitaelezwa mahali pake) vyote vilikuja baadaye, vikapachikwa juu ya mfumo uliokwisha kuenea dunia nzima. Ndiyo maana karibu kila kiwango ni cha hiari. Ukigeuza hiari kuwa lazima, yuko mtu mahali fulani ambaye barua yake haitafika.

Mwongozo huu ni wa yule anayesimamia barua za kikoa kimoja au zaidi na anataka kuzilinda bila kuwakata watu. Katika kila hatua jiulize swali moja: je, ncha zote mbili za mawasiliano haya ziko mikononi mwangu? Kama ziko kwako, bana mara moja. Kama una ncha moja tu, pima kwanza, ujue nani atabaki nje, mpe taarifa, ndipo ufunge. Wasimamizi wengi hufanya kinyume. Huwa wakali kwa seva za watu wasiowajua, na wakati huohuo simu na kompyuta za ofisini mwao zinaingia kwa itifaki zilizopitwa na wakati.

Katika mifano nimetumia kikoa cha kubuni, shirika.example. Weka chako mahali pake.

Hatua ya 1: Orodhesha kila kinachotuma barua kwa jina lako

Usiguse rekodi yoyote ya DNS (daftari la mtandao la majina ya vikoa) kabla ya kuwa na orodha hii. Seva kuu hakuna anayeisahau. Vinavyosahaulika ni fomu ya mawasiliano kwenye tovuti, mfumo wa uhasibu unaotuma ankara, huduma ya majarida, mfumo wa kupokea malalamiko ya wateja, vifaa vya ulinzi vinavyotuma tahadhari usiku, na mashine ya kunakili inayotuma hati zilizoskaniwa. Kwa kila kimoja andika kinatumia anwani gani ya mtumaji, kinapitia seva ipi na poti ipi, kinajua TLS (usimbaji wa muunganisho) toleo gani, kinaweza kutia saini ya DKIM au hakiwezi, na nani anawajibika nacho.

Mashine ya kunakili ndiyo huwa inasumbua kuliko vyote. Hudumu miaka mingi, programu yake ya ndani huacha kusasishwa mapema, na mara nyingi uwezo wake huishia TLS 1.0 na nenosiri la kawaida. Usilegeze seva kuu kwa ajili yake. Weka seva ndogo ya kati ndani ya mtandao wako: kifaa kinaikabidhi barua ndani kwa ndani, kisha seva hiyo inazungumza na nje kwa TLS ya kisasa na kutia saini. Iruhusu ipokee kutoka kwa anwani za IP za vifaa hivyo tu. Ikiachwa wazi, watuma barua taka wataigundua haraka na jina la kikoa chako litachafuka.

Kabla ya kusonga mbele, teremsha TTL (muda ambao seva nyingine hukumbuka rekodi) ya rekodi zako za DNS hadi sekunde 300. Ukikosea, marekebisho yataonekana ndani ya dakika chache badala ya siku nzima.

Hatua ya 2: Bana njia kati ya watumiaji na seva yako

Hapa ncha zote mbili ni zako, kwa hiyo usiogope. Watumiaji wasome barua kwa IMAP (itifaki ya kusoma barua zilizo kwenye seva) kwenye poti 993, na watume kwa poti 465, zote zikiwa na TLS tangu mwanzo wa muunganisho. RFC 8314 ya mwaka 2018 inapendekeza hivyo (RFC ni nyaraka zenye namba zinazoeleza viwango vya mtandao). Poti 587 yenye STARTTLS (TLS inayoanzishwa baada ya kuunganika) iache kwa muda kwa ajili ya programu zisizojua 465, lakini seva ikatae nenosiri lolote kabla TLS haijaanza.

Funga TLS 1.0 na 1.1. Matoleo hayo yalitangazwa rasmi kuwa yamestaafu mwezi Machi 2021 kupitia RFC 8996, na programu yoyote ya barua inayoendelea kusasishwa inajua 1.2, ambayo ni ya mwaka 2008. Kabla ya kufunga, pitia kumbukumbu za seva uone ni akaunti zipi bado zinaingia kwa matoleo ya zamani. Kwa kawaida utakuta simu chache za zamani na kompyuta ambayo hakuna aliyeisasisha. Hao ni watu unaoweza kuwapigia simu.

Suala la nenosiri ni gumu zaidi. Watoa huduma wakubwa wameondoka kwenye jina na nenosiri pekee na kuhamia OAuth 2.0 (kuingia kwa kibali cha muda badala ya nenosiri); Microsoft ilianza kuzima njia hiyo ya zamani kwa IMAP na POP katika Exchange Online mwezi Oktoba 2022. Faida yake ni kwamba unaweza kudai uthibitisho wa hatua mbili. Gharama yake ni kwamba hati ndogo za kompyuta zilizoandikwa zamani kusoma kisanduku fulani na kuchota ripoti zitanyamaza, na huenda mwandishi wake alikwisha kuondoka. Zitafute mapema, maana hazilalamiki zikikatika.

Hatua ya 3: Poti 25, mahali ambapo ukali unaweza kukugeuka

Kati ya seva na seva, TLS hupatikana kwa STARTTLS. Seva inayotuma inaunganika bila usimbaji, inayopokea inatangaza kwamba inajua STARTTLS, wanakubaliana, ndipo mazungumzo yanasimbwa. Asipoliona lile tangazo, mtumaji hutuma barua wazi. Mshambuliaji aliye katikati anaweza kulifuta tangazo hilo, na hakuna kati ya pande mbili atakayejua.

Jibu linalokuja haraka kichwani ni kukataa kila barua isiyokuja kwa TLS. Lakini RFC 3207 ya mwaka 2002, iliyoeleza STARTTLS, inakataza waziwazi seva ya umma kudai TLS ili ipokee barua za watu wake. Sababu ni ya maana: humjui anayekuandikia. Anaweza kuwa mteja wako wa kwanza, au ofisi ambayo seva yake haijaguswa kwa miaka. Acha Postfix (programu ya seva ya barua) katika hali hii, ambapo may ni kukubali TLS bila kuidai:

smtpd_tls_security_level = may
smtpd_tls_loglevel = 1

Sasa kuna jambo ambalo huwapotosha hata wazoefu. Tuseme umefunga TLS 1.0 kwenye poti 25 kwa kuwa kipimo cha usalama kimekupa alama nyekundu. Seva ya mwenzako inayojua TLS 1.0 pekee inakuja, inajaribu, mapatano yanashindikana. Kinachofuata kinategemea programu yake. Nyingine huahirisha barua na kuirudisha kwa mtumaji baada ya siku kadhaa. Nyingine, Postfix iliyo katika kiwango cha may ikiwamo, hujaribu tena bila TLS kabisa. Yaani umekataa usimbaji dhaifu na badala yake umepokea barua isiyosimbwa hata kidogo. Anayesikiliza tu njiani alikuwa na kazi ya kuvunja TLS 1.0; sasa hana kazi yoyote.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba poti 25 isifungwe matoleo ya zamani kwa sababu ya alama za kipimo, bali kwa ushahidi wa kumbukumbu. Tafuta mistari ya namna hii:

postfix/smtpd[2214]: Anonymous TLS connection established from barua.mshirika.example[192.0.2.25]: TLSv1 with cipher ECDHE-RSA-AES256-SHA (256/256 bits)

Neno TLSv1 likiwa peke yake, bila .2 wala .3, ndilo unalolitafuta. Kusanya mistari hiyo kwa mwezi mmoja, hesabu ni seva ngapi, kisha zitenge: zipi ni za washirika halisi na zipi ni za barua taka. Ikiwa za washirika ni chache, waandikie wasimamizi wao na uwatajie tarehe. Ikiwa hakuna hata moja, funga. Angalia pia mfumo wako wa uendeshaji: baadhi ya matoleo mapya ya Linux huja na OpenSSL (maktaba ya TLS) iliyokwisha kufunga TLS 1.0 na 1.1, kwa hiyo huenda uamuzi huo ulifanyika bila wewe kujua siku uliyosasisha seva.

Kwa mshirika mnayebadilishana naye nyaraka nyeti, kuna njia ya kati. Kubalianeni, kisha weka sharti la TLS kwa kikoa chake tu kupitia smtp_tls_policy_maps. Barua kwake haitatoka bila usimbaji, na dunia nyingine inaendelea kama kawaida. Wekeni namba ya simu ya kupigiana cheti (hati ya kidijitali inayothibitisha seva) kikiisha muda, kwa sababu siku hiyo barua zote kati yenu zitasimama.

Hatua ya 4: MTA-STS na DANE, kuwaambia watumaji wasikubali kudanganywa

Viwango hivi viwili vinaziba pengo lile la kufutwa kwa tangazo la STARTTLS. Vyote vinamwambia mtumaji mapema: kwangu TLS ipo daima, usipoiona usitume. Na vyote vina uungwana mmoja mkubwa: mtumaji asiyevijua haathiriki. Anaendelea kutuma kama zamani. Hivyo hatari hapa haiko kwa wageni, iko kwako mwenyewe, siku utakapoharibu cheti au rekodi zako.

MTA-STS (RFC 8461, mwaka 2018) hutumia faili ndogo inayopatikana kwa HTTPS kwenye anwani https://mta-sts.shirika.example/.well-known/mta-sts.txt, pamoja na rekodi ya TXT kwenye _mta-sts.shirika.example. Faili lenyewe ni hili:

version: STSv1
mode: testing
mx: mx1.shirika.example
mx: mx2.shirika.example
max_age: 604800

Anza na testing (kujaribu tu), usianze na enforce (kulazimisha). Pamoja nayo tangaza TLS-RPT, rekodi ya TXT kwenye _smtp._tls.shirika.example:

v=TLSRPTv1; rua=mailto:ripoti-tls@shirika.example

Watumaji wanaoiunga mkono watakuletea ripoti ya kila siku ikieleza ni miunganisho mingapi ilifaulu na mingapi ilishindwa, na kwa nini. Kosa linalojitokeza sana ni cheti kisicholingana na jina la MX (seva inayopokea barua za kikoa). Seva inaitwa mx1 ndani ya DNS lakini cheti chake kimeandikwa mail. Chini ya STARTTLS ya kawaida hakuna aliyejali, maana watumaji wengi hawakagui jina. Chini ya enforce, kosa hilo linasimamisha barua. Ripoti zikikaa safi kwa wiki kadhaa, geuza mode iwe enforce, badilisha id (alama ya toleo la sera) kwenye rekodi ya TXT ili watumaji wajue kuna faili jipya, kisha ongeza max_age pole pole.

Hiyo max_age ifikirie vizuri. Ni muda ambao mtumaji anakumbuka sera yako hata akishindwa kulifikia faili. Ikiwa ndefu, ulinzi ni imara. Lakini ukihamia mtoa huduma mwingine wa barua na kusahau kubadilisha orodha ya mx, watumaji watagoma. Kabla ya kuhama, ongeza seva mpya kwenye faili, subiri, ndipo uhame. Na ukitaka kuachana na MTA-STS usifute faili. Tangaza mode: none yenye id mpya, uiache hadi max_age ya zamani iishe.

DANE (RFC 7672, mwaka 2015) haitegemei mamlaka za vyeti, bali alama ya ufunguo wako iliyoandikwa ndani ya DNS katika rekodi ya TLSA, huku DNS yenyewe ikiwa imetiwa saini kwa DNSSEC. Kiusalama ina nguvu zaidi, kwa sababu hakuna ule muunganisho wa kwanza ambao mtumaji bado hajaiona sera. Lakini inadai nidhamu. Ukitumia vyeti vya Let's Encrypt, vyenye uhai wa siku 90, certbot hutengeneza ufunguo mpya kila inapohuisha cheti isipokuwa umeiambia vinginevyo. Ufunguo ukibadilika na TLSA isibadilike, kila mtumaji anayefuata DANE ataahirisha barua zako. Tumia --reuse-key pamoja na TLSA ya aina ya 3 1 1, ambayo hufunga ufunguo na si cheti. Unapotaka kubadilisha ufunguo kwa makusudi, tangaza alama mpya kando ya ile ya zamani, subiri TTL ipite mara mbili, ndipo uweke cheti kipya.

Uchague ipi? Kama DNSSEC yako inaendeshwa na mtu anayeielewa na kuna anayeifuatilia, weka zote mbili. Viwango vyenyewe vinaruhusu, na DANE ikishindwa MTA-STS hairuhusiwi kuipindua. Kama hakuna mtu wa kuitazama DNSSEC, baki na MTA-STS.

Hatua ya 5: SPF, DKIM na DMARC

Hapa ndipo barua halali nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinadai SPF, DKIM na DMARC kwa watumaji wakubwa. Google imetaja kiwango cha barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda anwani za Gmail. Microsoft ikafuata na masharti yanayofanana kwa Outlook.com mwaka 2025. Kutokuwa navyo nako kumekuwa tatizo la upatanifu. Suala lililobaki ni kasi ya kubana.

SPF ni orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma kwa kikoa chako. Ina mipaka miwili ambayo huwashtua watu. Wa kwanza ni utafutaji 10 wa DNS. Kila include, a, mx, ptr, exists na redirect huhesabiwa, hata zile zilizomo ndani ya include ya mtoa huduma wako. Ukivuka 10, matokeo ni permerror na SPF yako inakuwa kama haipo. Usihangaike kunakili anwani zote za IP za mtoa huduma ili ukwepe kikomo, maana atazibadilisha bila kukuuliza. Ni heri huduma ya majarida ihamishiwe kwenye kikoa kidogo, mfano habari.shirika.example, chenye SPF yake. Mpaka wa pili ni kwamba SPF hufa barua inapoelekezwa kwingine. Mtu akiwa na anwani ya zamani inayopeleka kila kitu kwenye anwani yake mpya, seva ya mwisho huona IP ya seva ya katikati, ambayo haimo kwenye orodha yako. Kwa sababu hiyo ninapendelea ~all (seva nyingine zishukiwe) badala ya -all (zikataliwe) kwa kikoa kinachotuma barua, na kuiachia DMARC uamuzi. Kikoa kisichotuma kabisa kiwekee v=spf1 -all pamoja na DMARC ya p=reject leo hii; hakuna wa kuumia.

DKIM hutia saini kwenye barua yenyewe, kwa hiyo huvuka kuelekezwa salama mradi hakuna aliyebadilisha kitu. Tumia ufunguo wa RSA wa biti 2048. RFC 8301 inadai usipungue 1024 na kupendekeza 2048. Ufunguo wa umma wa ukubwa huo una herufi 392 zikiandikwa kwa base64, wakati kipande kimoja cha rekodi ya TXT hubeba 255 tu, hivyo ni lazima ugawanywe katika vipande viwili vyenye alama za kunukuu. Paneli nyingine za DNS hukata mkia kimya kimya. Baada ya kuweka, isome tena rekodi kwa amri ya dig uhakikishe imekamilika. Ed25519 ina ufunguo mfupi mno na nzuri kwa kila hali, ila si wapokeaji wote wanaoitambua. Ukiitaka, tia saini mbili, ya RSA na ya Ed25519, na asiyeielewa ya pili atatosheka na ya kwanza.

Kwenye mpangilio wa saini chagua relaxed/relaxed. Ile simple huvunjika seva ya njiani ikigusa hata nafasi moja tupu kwenye kichwa cha barua. Na achana na alama ya l=, inayotia saini sehemu ya kwanza tu ya mwili. Inavutia kwa kuwa inavumilia maneno yanayoongezwa mwishoni, lakini inampa mshambuliaji ruhusa ya kuongeza anachotaka chini ya saini yako.

DMARC (RFC 7489, mwaka 2015) huunganisha viwili hivyo na anwani ambayo msomaji anaiona. Barua hupita ikiwa SPF au DKIM imefaulu kwa kikoa kinacholingana na cha From. Anza hivi, p ikiwa ni sera: none haichukui hatua, quarantine hupeleka kwenye barua taka, reject hukataa:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:dmarc@shirika.example

Ripoti zinakuja kama faili za XML zilizobanwa. Usizichukulie kama kelele. Huu ni mfano wa sehemu yenye habari:

<source_ip>192.0.2.44</source_ip>
<count>118</count>
<disposition>none</disposition>
<dkim>fail</dkim>
<spf>fail</spf>

Maana yake: IP hiyo ilituma barua 118 kwa jina lako, zote zimeshindwa, na mpokeaji hakuchukua hatua kwa sababu sera yako ni none. Tafuta mwenye IP. Akiwa mgeni kabisa, hiyo ni barua ya kughushi, na ndiyo unayotaka kuizuia. Ikiwa ni ule mfumo wa uhasibu uliokosekana kwenye orodha ya hatua ya kwanza, umenusurika: ungeanza na reject, ankara 118 zisingefika. Na kama dkim ni pass lakini spf ni fail, huyo mara nyingi ni mtu anayeelekeza barua kwingine, wala hana tatizo.

Ukitaka ripoti ziende kwenye kikoa kingine, kikoa hicho kitangaze rekodi ya kukubali, la sivyo hazitatumwa.

Kinachoumiza zaidi ni orodha za barua za vikundi. Orodha huongeza jina lake kwenye mada na maneno chini ya barua. Saini ya DKIM inavunjika, na SPF inafaulu kwa kikoa cha orodha, si chako. Aprili 2014 Yahoo ilitangaza p=reject kwa anwani za watumiaji wake wa kawaida, na AOL ikafuata mwezi huohuo. Barua za watumiaji wa Yahoo kwenye orodha zikaanza kukataliwa na seva za wanachama wengine, na programu za orodha, zikihesabu kila barua iliyorudi kuwa kosa la mwanachama aliyeshindwa kuipokea, zikawasimamisha watu ambao hawakufanya lolote. Tangu hapo programu kama Mailman zinaweza kuandika upya anwani ya From iwe ya orodha. Mambo yanakwenda, lakini msomaji hamwoni tena mtumaji halisi kwa anwani yake. ARC (RFC 8617, mwaka 2019) hubeba matokeo ya ukaguzi wa mwanzo hatua kwa hatua, ila inasaidia pale tu mpokeaji wa mwisho anapoamua kuiamini seva ya katikati.

Uamuzi wa vitendo ni kutenganisha. Kikoa kinachotuma ankara, taarifa za akaunti na barua za mifumo kipeleke hadi p=reject, kwani hicho ndicho matapeli wanachokighushi na mifumo haishiriki kwenye orodha. Kikoa ambacho watu wako wanakitumia kuandika na kujadiliana kwenye vikundi kinaweza kukaa p=quarantine kwa muda mrefu, au watu hao wapewe kikoa kidogo chenye sera yake. Barua iliyoingia kwenye barua taka bado inaweza kuokolewa na mwenyewe. Iliyokataliwa mlangoni hawezi hata kujua ilikuja.

Hatua ya 6: Usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, kwa wachache wanaouhitaji

Hatua zote zilizotangulia hulinda barua njiani. Zikifika, seva huzisoma. S/MIME na OpenPGP hulinda maudhui hadi kwa msomaji, na hapa bei ya upatanifu inalipwa na watu wenyewe kila siku: seva haiwezi kukagua virusi ndani ya kiambatisho, utafutaji kwenye seva hauoni mwili wa barua, kuisoma kwenye kivinjari ni shida, na ufunguo ukipotea barua zimepotea. Usiulazimishe kwa shirika zima. Chagua mduara wa watu wanaobadilishana siri kweli.

Uamuzi kati ya viwili hivi ufanywe na programu ambazo wenzako wanazo tayari. Outlook na Apple Mail zina S/MIME ndani yake. Kila mtu anahitaji cheti, na vyeti huisha muda. Thunderbird ina OpenPGP ndani yake tangu toleo la 78 la mwaka 2020.

Kwenye S/MIME, saini iliyo wazi ndiyo salama kwa wageni. Asiyejua S/MIME anasoma barua na kuona tu kiambatisho cha ziada, smime.p7s. Saini iliyofungwa humletea smime.p7m peke yake, na hawezi kusoma hata neno moja.

Kwenye OpenPGP kuna mgawanyiko wa hivi karibuni unaopaswa kuujua. Kwa miaka mingi wote walifuata RFC 4880 ya mwaka 2007. Mwaka 2024 ikatoka RFC 9580 yenye funguo za toleo la 6, lakini waendelezaji wa GnuPG (programu ya OpenPGP) hawakuifuata. Wao wanafuata maelezo yao yaitwayo LibrePGP. Funguo mpya za kila upande hazifahamiki upande wa pili. Kwa sasa tengeneza ufunguo wa toleo la 4, unaoeleweka na wote. Kisha kagua jambo moja zaidi: ufunguo uliozaliwa kwenye GnuPG 2.3 au zaidi hutangaza kwamba mwenyewe anapokea usimbaji wa OCB (namna mpya ya kusimba). Mtumaji mwenye GnuPG ataufuata, na ukiufungua kwenye programu nyingine huenda isisome. Ingia gpg --edit-key, andika showpref, na ukiona OCB tumia setpref kuweka orodha isiyokuwa nayo, kisha usambaze upya ufunguo wako wa umma.

Mada ya barua nayo. Thunderbird huisimba kwa kawaida, na mpokeaji ambaye programu yake haijui hilo huona nukta tatu tu. Ni ulinzi mzuri, maana mada hufichua mengi. Lakini ofisi inayopanga kazi kwa mada za barua itachanganyikiwa, basi kubalianeni kabla.

Mei 2018 utafiti ulioitwa EFAIL ulionyesha jinsi barua iliyosimbwa ingeweza kuvujisha maudhui kupitia HTML na picha zinazovutwa kutoka nje. Zima uvutaji wa picha hizo kwa kila mtu mwenye ufunguo. Fahamu pia kwamba programu za leo hukataa kufungua barua za OpenPGP zisizo na ulinzi wa uadilifu. Kama una kumbukumbu za zamani sana zilizosimbwa, zifungue na kuzihifadhi upya kwa njia nyingine ungali na programu inayokubali.

Mwisho wa hatua hii, tenga ufunguo wa kusaini na wa kusimba. Ule wa kusimba shirika liuwekee nakala rudufu iliyofungwa vizuri, ili mtu akiondoka barua zake za kazi zisomeke. Ule wa kusaini asiwe nao mwingine yeyote. Na cheti kikiisha muda usifute ufunguo wake. Barua za zamani bado zinauhitaji.

Hatua ya 7: Jua kila uamuzi unarudi nyuma kwa muda gani

Andika hili kabla ya kubadilisha chochote, na uliweke mahali ambapo mwenzako wa zamu atalipata bila kukuuliza. DMARC na SPF hurudi nyuma kwa muda wa TTL. MTA-STS hurudi kwa muda wa max_age. Kuondoa DNSSEC kunategemea TTL ya rekodi ya DS (inayounganisha saini zako na kikoa cha juu) iliyo kwenye kikoa cha juu, ambayo huipangi wewe, na TLSA itangulie kuondolewa. Barua zilizokwisha kusimbwa kwa ufunguo wa mtu hazirudi kabisa.

Kisha weka tahadhari za vyeti vyote vya MX na cha mta-sts zilie siku 21 kabla ya kuisha, zifike kwa watu wawili, na angalau moja ipitie njia isiyo barua pepe.